Tukuyu: Nyumba yagawanywa sita, shimo na hati bado ni moja

MFANYABIASHARA anayetaka kuweka akiba yake katika nyumba ya kupangisha mjini Tukuyu anashauriwa asiende kuitazama mwezi Agosti. Aende mwezi Aprili, siku ambayo mvua imeshinda ikinyesha tangu alfajiri, na aombe ngazi ili apande darini.

Ushauri huo unatokana na hali halisi ya Wilaya ya Rungwe. Mvua ya Tukuyu kwa mwaka huzidi milimita 2,000, kiasi ambacho ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, kisha hufuata miezi ya baridi na ukungu. Nyumba nyingi hupakwa rangi na kutangazwa kuuzwa wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa mkavu na uwanja ukiwa hauna tope. Mnunuzi hulipa Septemba, na kasoro hujitokeza Februari, fedha ikiwa imeshatumika.

Soko lenyewe lina mvuto. Tukuyu ni makao makuu ya wilaya, iko kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu, na imezungukwa na mashamba ya chai, ndizi, viazi na parachichi pamoja na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wafanyabiashara wa mazao wote wanahitaji mahali pa kulala. Wengi wao hawataki tena chumba kimoja chenye choo cha uani. Wanataka fleti ndogo: chumba, sebule, jiko na choo cha ndani.

Wenye nyumba wameliona hilo. Badala ya kujenga upya, ambako kunahitaji kiwanja na mtaji mkubwa, huchukua nyumba ya zamani ya familia moja, wakapiga kuta za kati, wakafungua milango mipya, wakaweka vyoo na kuigawanya mara nne au sita. Kazi hiyo yaweza kumalizika katika muda wa wiki chache. Tatizo ni kwamba ukuta hugawanyika kwa urahisi, lakini shimo la choo, waya wa umeme, paa na hati ya kiwanja havigawanyiki kwa kupakwa rangi. Vilitengenezwa kwa ajili ya familia moja na sasa vinabebeshwa mzigo wa familia sita.

PAA KWANZA

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha kwa nini ukaguzi wa Tukuyu uanzie juu. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12 ina eneo la mita za mraba 120. Kwa mvua ya milimita 2,000, paa hilo hupokea lita 240,000 za maji kwa mwaka, sawa na matangi 240 ya lita 1,000. Mvua moja kubwa ya milimita 50 hushusha lita 6,000 kwa mkupuo.

Nyumba inapogeuzwa fleti, mara nyingi huongezewa upande wa nyuma kwa ajili ya majiko na vyoo. Bati jipya huunganishwa na la zamani, na mahali mapaa mawili yanapokutana ndipo maji hupenya. Kasoro ya pili ni mwinamo mdogo wa paa la nyongeza. Fundi akitaka kupunguza mbao na bati hulilaza paa, na maji yakisukumwa na upepo hurudi nyuma chini ya bati. Kasoro ya tatu ni gata. Lililotosha nusu ya paa haliwezi kubeba paa zima, hivyo maji humwagika ukutani na kuchimba msingi.

Mkaguzi akiwa darini aangalie kenchi na papi. Mbao yenye madoa meusi imewahi kulowa; ikichomwa kwa bisibisi na bisibisi ikazama kwa urahisi, imeoza. Achunguze pia kama ukuta unaotenganisha fleti mbili umefika hadi kwenye bati. Katika nyumba nyingi zilizogawanywa kwa haraka ukuta huo huishia kwenye silingi bodi. Hapo mpangaji wa kwanza husikia kila neno la mpangaji wa pili, mwizi anaweza kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa kupitia darini, na moto ukizuka hupita juu na kuwakuta wote wamelala.

UKUTA UNAOTOA JASHO

Nyumba nyingi za Mkoa wa Mbeya zimejengwa kwa tofali za kuchoma. Tofali lililoiva vizuri ni imara, lakini lile ambalo halikuiva hunywa maji. Nyumba kongwe zaidi huweza kuwa na tofali za udongo mbichi zilizofunikwa kwa plasta ya saruji, na mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa macho mpaka plasta itobolewe mahali pasipoonekana.

Hapa somo la Zanzibar linafaa. Katika Mji Mkongwe, ambako majumba makubwa ya zamani yaligawanywa na kukaliwa na familia nyingi baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa uhifadhi wamekuwa wakionya kuhusu kupaka saruji juu ya kuta za mawe na chokaa. Saruji hufunga unyevu ndani, ukuta hushindwa kukauka, na baada ya muda plasta hubambuka pamoja na sehemu ya ukuta. Ukuta wa udongo wa Rungwe uliofungwa kwa saruji hupatwa na ugonjwa huo huo, na mvua ya Rungwe ni kubwa zaidi.

Dalili si ngumu kuzitambua. Rangi huvimba na kubambuka kuanzia chini hadi usawa wa goti. Unga mweupe hujitokeza juu ya plasta. Nyuma ya kabati huwa na ukungu mweusi na nguo hunuka. Maji hayo hupanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Rangi mpya huyaficha kwa miezi mitatu au minne. Mnunuzi anayekuta sentimita 60 za chini za kila ukuta zimepakwa rangi ya mafuta ya rangi nzito aulize sababu; huenda ni mapambo, na huenda ni bandeji.

Vyumba vya katikati vina tatizo lao. Nyumba ikigawanywa, dirisha lililokuwa la kila mtu hubaki upande mmoja, na chumba cha pili hubaki bila hewa. Katika baridi ya Juni na Julai wakazi wengi wa nyanda za juu huingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Chumba kisicho na dirisha la nje au matundu ya hewa kisihesabiwe kuwa fleti, hata kama kina vigae.

MILANGO MIPYA, UKUTA ULE ULE

Ili kila mpangaji awe na mlango wake, fundi hutoboa kuta za nje. Swali la kuuliza ni moja: juu ya kila mlango mpya kuna lenta au kuna ubao tu? Nyufa zinazoanzia kwenye pembe ya juu ya mlango na kupanda kwa mshazari ni jibu tosha. Kuta mpya za kati nazo mara nyingi husimamishwa juu ya sakafu bila msingi. Sakafu ikititia kidogo, ukuta hupasuka.

Rungwe ni nchi ya volkano na Bonde la Ufa, na ardhi yake hutikisika mara kwa mara. Matetemeko mfululizo ya Desemba 2009 katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kyela, yaliangusha nyumba nyingi za tofali. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoupiga Mkoa wa Kagera Septemba 10, 2016 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ukuta wa tofali usiofungwa kwa lenta ya kuzunguka nyumba nzima huwa wa kwanza kuanguka, na kila mlango unaotobolewa kiholela hupunguza nguvu iliyobaki.

Hata bila tetemeko, kubadili jengo bila hesabu ya mhandisi ni hatari. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Ilielezwa wakati huo kwamba chini ya jengo hilo kulikuwa kukichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Nyumba ya chini ya Tukuyu si ghorofa la Kariakoo, lakini kosa lina asili moja: kutafuta nafasi zaidi ya kupangisha bila kuuliza kilichoko kinaweza kubeba nini.

SHIMO LA FAMILIA MOJA

Hapa ndipo wawekezaji wengi wadogo hupata hasara, kwa sababu ni mahali ambapo hakuna anayependa kupachungulia. Mfano: familia ya watu sita inayotumia lita 50 kila mtu kwa siku hupeleka lita 300 shimoni. Fleti sita zenye watu wanne kila moja hupeleka lita 1,200. Shimo ni lile lile, ila mzigo umeongezeka mara nne. Wakati wa masika ardhi yenyewe imeshiba maji, hivyo shimo halinyonyi. Maji taka hurudi kupitia choo cha fleti iliyo chini kuliko zote, na mpangaji wa hapo ndiye wa kwanza kuhama.

Mkaguzi adai kufunguliwa kila chemba. Kisha koki na vyoo vyote sita vifunguliwe kwa wakati mmoja, na mtu asimame kwenye chemba ya mwisho kuona maji yanakwenda kwa kasi gani. Muuzaji akisema mfuniko umejengewa na hauwezi kufunguliwa, bei na iteremke au mazungumzo yasimame hapo. Aidha, ipimwe njia ya gari la kunyonya maji taka. Katika viwanja vya mteremko, ambavyo ni vingi mjini humo, gari huweza kushindwa kulifikia shimo, na mwenye nyumba hulazimika kuchimba jingine kila linapojaa.

MITA MOJA, UGOMVI SITA

Umeme ni tatizo la usalama na pia la biashara. Waya uliowekwa kwa ajili ya taa na redio sasa unabeba pasi, jagi la kuchemshia maji, friji na hita ya kuogea. Soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au sakiti breka inayokatika kila jioni, ni ishara kwamba waya unachemka. Katika vyoo vipya vya ndani ihakikishwe kuwa waya wa ethi upo, kwa sababu hita ya maji isiyo na ethi inaweza kumuua mtu anayeoga.

Upande wa biashara, fleti sita zenye mita moja ya LUKU huleta ugomvi usiokwisha. Mwenye friji na mwenye taa mbili hutakiwa kuchanga sawa, na yuniti zikiisha usiku kila mmoja humsubiri mwenzake. Jambo hilo liligusa pia kodi ya majengo, ambayo mwaka 2021 ilianza kukatwa kupitia LUKU. Mnunuzi aulize kodi hiyo inakatwa katika mita ipi na kama kuna deni la nyuma, kabla ya mpangaji kuja kudai apunguziwe kodi ya pango kwa sababu amemlipia mwenye nyumba.

HATI NAYO IKAGULIWE

Nyumba inaweza kuwa kavu na imara, kisha mnunuzi akapoteza kila kitu kwa karatasi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka maendelezo na mabadiliko ya matumizi yapate kibali. Aonyeshwe kibali cha halmashauri pamoja na ramani iliyopitishwa, na ramani hiyo ilinganishwe na nyumba ilivyo. Ramani ya vyumba vitatu haihalalishi fleti sita.

Anayetaka kununua fleti moja tu ndani ya nyumba awe mwangalifu zaidi. Sheria ya mwaka 2008 ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake, lakini mpaka sehemu hizo zipimwe na kusajiliwa, pamoja na utaratibu wa kumiliki kwa ushirika vitu kama paa, ngazi, njia na shimo. Bila usajili huo, anayeambiwa ameuziwa fleti ameshika karatasi ya mauziano tu. Hati ya kiwanja inabaki kwa jina la muuzaji, naye anaweza kuiweka rehani benki.

Kwa kiwanja chenye hati, upekuzi ufanywe katika ofisi ya msajili wa hati ili kujua jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Kwa kiwanja kisichopimwa, serikali ya mtaa na majirani wa pande zote waulizwe. Kama nyumba ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue. Kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mke au mume ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Mauzo mengi huvunjika hapo, mara nyingi baada ya fedha kutoka.

HESABU YA MFANO

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Mfanyabiashara wa ndizi ananunua nyumba ya fleti sita kwa Sh. milioni 48. Kila fleti inapangishwa kwa Sh. 100,000 kwa mwezi, yaani Sh. milioni 7.2 kwa mwaka, sawa na asilimia 15 ya mtaji. Fedha yake itarudi baada ya miezi 80. Kwa karatasi, hakuna biashara ya ndizi iliyotulia namna hiyo.

Mvua zinapoanza, paa la nyuma linavuja na matengenezo yanachukua Sh. milioni 2.4. Shimo linajaa, jipya linagharimu Sh. milioni 2.1. Umeme unarekebishwa kwa Sh. milioni 1.3. Fleti mbili za nyuma zinakaa tupu kwa miezi minne, hasara ya Sh. 800,000. Jumla ni Sh. milioni 6.6. Katika mwaka wa kwanza anabakiwa na Sh. 600,000, ambazo ni asilimia 1.25 ya mtaji. Ikiwa sehemu ya mtaji huo ilikopwa, atalipa riba kwa fedha za ndizi, na msimu wa ndizi ukiwa mbaya nyumba yenyewe ndiyo itakayouzwa.

Kama angetumia Sh. 300,000 kwa ukaguzi kabla ya kulipa, angekuwa ametoa nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Kasoro zile za Sh. milioni 5.8 zingekuwa mezani wakati wa kupatana, na ama muuzaji angezirekebisha, ama bei ingeshuka, ama mnunuzi angeondoka na fedha yake.

NANI AKAGUE?

Nchini Marekani ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua ni kazi inayojitegemea, na chama cha wakaguzi hao kiliundwa mwaka 1976. Mnunuzi wa Tukuyu hana haja ya kumsubiri mtu wa namna hiyo. Anahitaji kujua tu nani anafanya nini. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba, hafungui chemba. Dalali analipwa mauzo yakikamilika, hivyo si shahidi wa kutegemewa. Fundi aliyeigeuza nyumba hawezi kuikagua kazi yake mwenyewe. Kinachofaa ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa ajili ya kuta, lenta na msingi; fundi umeme mwenye leseni; na fundi bomba kutoka nje ya mtaa, asiye na undugu na muuzaji. Taarifa yao iwe ya maandishi na yenye picha.

Malipo nayo yapangwe. Malipo ya awali yawe madogo, na mkataba useme wazi kwamba yatarudishwa ikiwa ukaguzi au upekuzi utaonyesha kasoro kubwa. Sehemu ya mwisho ya bei ibaki kwa wakili mpaka mvua moja ya masika ipite. Muuzaji mwenye nyumba nzima hana sababu kubwa ya kukataa sharti hilo. Anayelikataa kwa ukali amekwisha kutoa sehemu ya taarifa ya ukaguzi bila malipo.

Wapangaji waliopo ndio mashahidi wa bei nafuu kuliko wote. Mnunuzi apite jioni bila dalali, asalimie, aulize mambo matatu: maji hutokea wapi mvua ikinyesha, shimo lilinyonywa lini, na nani hulipia LUKU. Wakijibu wote sita kwa namna moja, atakuwa amejua mengi kabla hajatoa senti.